Mwenzetu Akishindwa Kusoma, Tumcheke?

Kuna jambo ambalo sote twalijua lakini hatulisemi. Katika shule za sekondari nchini mna wanafunzi ambao kusoma kwenyewe kunawashinda. Mwalimu akiwaita wasome kifungu, ghafla wanaumwa na koo. Wengine hunakili kazi ya jirani neno kwa neno, hata jina lake wakalitia! Nasi tukaangua kicheko.

Wasilaumiwe. Tangu 2018 serikali imesisitiza kwamba kila amalizaye shule ya msingi aingie sekondari, na hilo ni jema. Lakini mlango ukifunguliwa kwa wote, huingia pia yule aliyevuka darasa baada ya darasa bila kushikwa mkono. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza 2009, umeonyesha zaidi ya mara moja kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Je, watoto hao huenda wapi? Si ndio hawa tunaoketi nao?

Hasara yenyewe haiishii kwenye ufahamu, wenye alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE. Swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno litamshinda, na biolojia, na historia. Mwishowe husema, "Shule si yangu," akaenda zake.

Wapo wasemao dawa ni kuwakusanya wote katika darasa moja Jumamosi. Mimi sikubali. Darasa hilo litapewa jina la dhihaka kabla ya saa sita, na kila mmoja atajificha nyuma ya mwenzake. Tena kila msomaji dhaifu hukwama mahali pake: huyu anachanganya "ng" na "ng'", yule akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini atawasikilizaje wote? Dawa ni watu wawili na kitabu kimoja.

Napendekeza chama chetu kitenge dakika 20 kabla ya prepu, mara tatu kwa wiki. Anayesaidiwa ndiye ashike kitabu. Aanze na hadithi nyepesi, hata ya shule ya msingi. Akikwama, ngoja, usimrukie. Mwache alikate neno silabi kwa silabi: wa-li-o-m-pe-nda. Arudie aya ileile mpaka ulimi uzoee, halafu akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Walimu wetu watuonyeshe njia, na siri ya wawili ibaki ya wawili.

Najua mtaniuliza, "Na masomo yangu je?" Saa moja kwa wiki haimwangushi mtu mtihani. Isitoshe, anayemweleza mwenzake huelewa zaidi. Wengine watasema samaki hukunjwa angali mbichi, na hawa wameshakauka. Jamani! Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Sembuse kijana wa miaka 16?

Wanachama wenzangu, kombe la mjadala tutaleta na insha tutashinda. Lakini ikiwa jirani yako bwenini hawezi kulisoma jarida hili, sifa hizo ni za nani? Kawia ufike, walisema wahenga. Basi muhula ujao kila mmoja wetu amtafute mwenzake mmoja, wakae chini, wafungue ukurasa wa kwanza.