Mjane wa Vita na Haki ya Kupenda

Katikati ya mji wa Nairobi pana sanamu za shaba za askari na mpagazi, ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918. Maandishi yaliyo chini yake yanamwahidi mtu afaye kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni njema, ila ina upungufu: mke hakutajwa. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi haikuwafikia warithi wao. Aliyebaki na shamba, watoto na kitanda kitupu hakupewa hata neno moja katika ukumbusho ule.

Lakini kutotajwa si dhuluma iliyo kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kumtaka mjane mwenyewe awe sanamu. Jambo hili lina watetezi wengi. Wasema kuwa mume aliyeuawa vitani si kama mume aliyekufa kwa homa. Ametoa damu yake kwa ajili ya wote, basi mkewe ni amana ya wote, na akimpenda mtu mwingine amemwua marehemu mara ya pili. Hoja hii huvaa vazi la heshima, lakini ikivuliwa huonekana ilivyo: deni la taifa zima limetwikwa kichwani mwa mwanamke mmoja. Waliofaidika kwa damu ile ni wengi; wanaoa, wanaolewa, wanacheka arusini, wala hapana awaulizaye.

Watetezi hao hupenda kuitaja dini. Na waitazame basi. Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud, mwaka wa 625, na jeraha hilo likamwua baadaye. Mkewe, Umm Salama, alikuwa na mapenzi makubwa naye. Imepokewa kwamba alipomwomba Mungu ampe badala iliyo bora, alijiuliza moyoni ni nani awezaye kuwa bora kuliko Abu Salama. Swali hilo ni la mjane wa kila zama. Eda ilipokwisha akaposwa na Mtume Muhammad mwenyewe, wala hakukimbilia kukubali: alitoa nyudhuru zake, kwamba umri wake umekwenda, kwamba ana wivu, tena ana watoto. Alijibiwa udhuru mmoja mmoja, bila ya kukaripiwa, ndipo akaridhia. Lakini jambo ambalo watetezi wa ujane wa milele hawalitazami ni jina lake. Salama ni mwana wa mume wa kwanza. Mama huyu aliishi katika nyumba ya Mtume, akafikilia uzee, akafa akiitwa kwa jina la mtoto wa yule aliyeuawa na jeraha la Uhud. Penzi la pili halikufuta hata herufi moja ya la kwanza.

Atakayesema kuwa hayo ni ya watu watakatifu, na amtazame Vera Brittain, Mwingereza. Mchumba wake aliuawa Ufaransa Desemba 1915. Aliolewa na mwingine 1925. Na kitabu chake mashuhuri cha maombolezo ya vijana wa vita vile, Testament of Youth, kilitoka 1933, miaka minane baada ya arusi. Ndoa haikumziba kinywa.

Serikali nazo hazikuwa na huruma kupita majirani. Huko Uingereza, kwa miaka mingi, mjane wa vita aliyeolewa tena alipoteza pensheni yake. Hata kukaa na mwanamume pasipo ndoa kulitosha kuikatisha. Basi pensheni ile haikuwa malipo ya uhai uliotolewa, bali ujira wa upweke. Sheria ilirekebishwa mwaka 2015, na 2023 ndipo palipotangazwa kuwalipa pauni 87,500 kila mmoja wale waliopokonywa zamani. Kati ya pendo na mkate walikuwa wamelazimishwa kuchagua, na aliyechagua mkate akasifiwa kwa uaminifu!

Wako wakosao kwa upande wa pili: humharakisha. Arobaini haijaisha, ndugu wa marehemu amekwisha vua viatu mlangoni, kana kwamba mke ni jembe lililoachwa shambani. Kumrithi mjane si kumpenda. Tena ni kumnyang'anya hata majonzi yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 68, iliziona pande zote mbili: imempa mjane uhuru wa kukaa atakapo, wa kubaki bila ya mume, au wa kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, mila isemeje, aliyeolewa Kiislamu hungoja eda yake. Uhuru huo umewekwa mkononi mwake, si mwa mashemeji. Na anayechagua kubaki peke yake ana heshima ile ile, maadamu amechagua.

Sheria, hata hivyo, haiufundishi moyo. Mjane ajifunzaye kupenda tena huanza na mambo madogo: kupika kwa kadiri ya watu wawili, kustahimili mlio wa hatua zisizo zile alizozizoea, kulitaja jina la marehemu mbele ya mume mpya bila ya kutetemeka. Mwanamume asiyeweza kulisikia jina hilo na arudi kwao. Posa yake imekuja mapema.