Wageni na Wazee wa Taarab

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nitoe shukrani na rai kuhusu usiku niliowasikiliza wazee wa Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, wakipiga pamoja na wanamuziki wageni katika ukumbi mmoja wa mjini. Mpiga kanuni alipokuwa akikaza taratibu nyuzi zake zaidi ya 70, mgeni mwenye gitaa la umeme alinyamaza kumngoja, nami nikafahamu kuwa adabu ni nusu ya muziki. Ila fundi wa mitambo alizidisha vipaza sauti hata sauti ya filimbi ya nai ikazama. Wahenga walinena mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mwenyeji azibwe mdomo.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa Taarab,
Malindi, Unguja