Uzazi wa majira hausubiri maradhi yaishe

Yanapozuka maradhi ya kuambukiza yanayoitikisa dunia nzima, macho ya watu wote huelekea kwenye vitanda vya mahututi na hesabu ya waliokufa. Hiyo ni haki. Lakini yako madhara mengine yasiyotangazwa redioni kila jioni, nayo humwangukia zaidi mwanamke mnyonge wa kijijini na wa vitongoji vya mjini: zahanati kuishiwa sindano ya miezi mitatu, vidonge vya majira kukosekana, na mama kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mlipuko wa korona umetuachia fundisho. Machi 2020 kampuni ya Karex ya Malaysia, ambayo hutengeneza kondomu moja katika kila tano zitumikazo duniani, ililazimika kufunga viwanda vyake kwa siku kadhaa. Mwezi huohuo India iliweka vizuizi vya muda juu ya uuzaji nje wa projesteroni, homoni itumikayo katika baadhi ya dawa za kupanga uzazi. Ukweli ukawa wazi: amri inayotolewa Asia huweza kuamua mimba ya mwanamke wa Afrika.

Aprili 2020 Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa lilikisia kwamba wanawake milioni 47 wangeweza kukosa huduma endapo vizuizi vingedumu miezi sita. Tathmini yake ya Machi 2021 ilitaja wanawake milioni 12 katika nchi 115, na mimba milioni 1.4 zisizotarajiwa. Wako watakaosema kwamba hofu ilitiwa chumvi. La hasha. Hesabu ilipungua kwa kuwa nchi nyingi zilirudisha huduma upesi na wauguzi walibaki kazini. Hata hivyo, huduma ilivurugika kwa wastani wa miezi 3.6, muda unaozidi nguvu ya sindano moja. Mwenye fedha aliweza kwenda duka la dawa. Asiye nazo alibeba mimba.

Walimu wanayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Nchini Sierra Leone, Ebola ilipofunga shule mwaka 2014, wasichana wengi walipata mimba, kisha wakazuiwa kurudi darasani. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2020 tu. Nchini Kenya, uchunguzi uliofanywa Siaya ulionyesha kwamba wasichana waliofungiwa shule wakati wa korona walikuwa katika hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari. Hapa kwetu, waraka wa Novemba 2021 umewafungulia mlango wanafunzi waliojifungua. Mwalimu mkuu anayeukwepa waraka huo anamwadhibu mtoto mara mbili.

Tufanye nini basi? Kwanza, uzazi wa majira uhesabiwe pamoja na chanjo na uzazi salama katika huduma ambazo hazisimamishwi kwa hali yoyote. Pili, kila wilaya iwe na akiba ya miezi kadhaa, na wanawake wafundishwe kujidunga wenyewe ile sindano ya chini ya ngozi, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2019. Tatu, fedha ziwe zetu. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza mchango wake wa vifaa vya uzazi kwa shirika lile la Umoja wa Mataifa kutoka pauni milioni 154 hadi kiasi cha milioni 23. Mwaka 2025 Marekani nayo ikafunga mifereji yake mingi ya misaada. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 kwamba taifa haliwezi kujengwa kwa fedha za wengine.

Mwalimu Nyerere, alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, aliwataka wananchi wafikirie uwezo wa kuwatunza watoto na si wingi wao tu. Wito huo hautekelezeki kwa mama aliyekuta rafu tupu. Ofisa anayepanga bajeti ya afya wilayani asiseme kwamba haya ni mambo ya wanawake yatakayoshughulikiwa hali ikitulia. Maradhi mapya yatakuja bila kubisha hodi. Akiba huwekwa kabla mgeni hajafika.