Taarifa ya Chama Isiishie Kwenye Idadi ya Miswada

KATIKA kipindi cha Mkutano wa Bajeti, ambao kwa desturi huchukua sehemu kubwa ya Mei na Juni, macho ya viongozi wetu huelekea Chukwani. Mawaziri huingia na vitabu vya hotuba, makatibu wakuu na wakurugenzi hukaa tayari kuandika majibu, na Wawakilishi husimama mmoja baada ya mmoja kuchangia. Mkutano ukifika kati, au ukimalizika, Chama hutoa taarifa kwa wanachama wake na kwa wananchi kwa jumla. Taarifa hizo tumezisoma nyingi, na zimefanana mno: miswada kadhaa imepitishwa, maswali kadhaa yamejibiwa, makadirio ya wizara zote yameidhinishwa, na Wawakilishi wa Chama wanapongezwa kwa mshikamano wao.

Hayo yote ni kweli, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini mvuvi wa Kojani au mkulima wa karafuu wa Mtambile akiisikia taarifa hiyo redioni, hubaki na swali lile lile alilokuwa nalo asubuhi: mimi limenigusa lipi? Taarifa isiyomjibu mtu huyo imeandikwa kwa ajili ya ofisi, na ofisi tayari ina kumbukumbu zake.

Sisi tunaona jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa, na uzito wake unatokana na namna Chama kinavyofanya kazi Barazani. Kila mwenye uzoefu anajua kwamba mswada wenye mvutano hujadiliwa kwanza na Wawakilishi wa Chama wakiwa peke yao. Humo ndimo mwenye shaka huisema shaka yake, Waziri hubanwa, na kifungu kilichoandikwa vibaya huombewa marekebisho. Wakitoka hapo huingia ukumbini wakiwa na sauti moja. Utaratibu huo una maana yake, kwani chama kisichoweza kuwaongoza Wawakilishi wake hakiwezi kuendesha serikali, na hakuna nchi yenye mabunge ya vyama isiyoutumia kwa namna moja au nyingine. Hata hivyo una gharama, na gharama yenyewe humwangukia mwananchi. Yeye husikia "ndiyo" peke yake. Hoja zilizoizaa "ndiyo" hiyo zimebaki nyuma ya mlango uliofungwa.

Basi kama hoja hazikusikika ukumbini, zitasikika wapi? Mahali palipobaki ni katika taarifa ya Chama. Kwa sababu hiyo taarifa hiyo ni deni. Tulipokuwa chuoni, kabla hatujaingia skuli za Serikali, tulifundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili. Uwakilishi ni amana ya namna hiyo hiyo, na kuirudisha ni kumweleza aliyekutuma ulichosema, ulichokubali na kilichokufanya ukubali.

Mazoea ya taarifa fupi za pongezi yana historia yake. Tangu 1964 hadi Baraza la Wawakilishi lilipoundwa mwaka 1980, kutunga sheria kulikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Baada ya vyama vya ASP na TANU kuungana Februari 5, 1977 na kuzaliwa CCM, Chama ndicho kilichoshika hatamu, na Baraza lilipoanza lilianza chini ya hatamu hizo. Katika miaka ile taarifa ilishuka kutoka juu kwenda chini: uamuzi umefanywa, wananchi wanajulishwa, kazi iendelee. Mfumo wa vyama vingi ulirejea mwaka 1992 na uchaguzi wake wa kwanza ukafanyika 1995. Sheria zikabadilika, lakini lugha ya taarifa haikubadilika kwa mwendo huo huo. Tunasema hivi kwa vyama vyote. Chama cha upinzani nacho kikipata viti Barazani, mara nyingi hutoa taarifa ya kuhesabu mara ngapi kimepinga, na mkulima wa Mtambile haoni tofauti.

Wapo wanaosema kuwa mambo ya sheria ni magumu kwa wananchi wa kawaida. Hao tunawakumbusha mwaka 2010. Januari ya mwaka huo Baraza liliridhia hoja, iliyoletwa kutoka upande wa upinzani, ya kuunga mkono maridhiano. Julai 31 wananchi wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali muundo wa serikali ya umoja wa kitaifa. Mwezi wa Agosti Baraza likafanya Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya 1984. Kati ya Januari na Julai hapakuwa na maskani wala baraza la kahawa ambalo halikuzungumza Katiba. Watu waliokuwa hawajapata kuisoma walikuwa wakibishana juu ya madaraka ya Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili, na wakibishana vizuri. Sababu ni kwamba viongozi wa pande zote mbili walitoka, wakaeleza, na mwisho wa maelezo kulikuwa na kura. Mwananchi akijua kwamba neno lake lina kazi, hujifunza upesi.

Linganisheni na mwaka 2016. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Machi 20, na chama kikuu cha upinzani wakati huo, CUF, kiliususia. Baraza lililotokana na uchaguzi huo ndilo lililopitisha, katika mwaka huo huo, Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia. Nayo ilikuwa sheria kubwa. Kwa miaka mingi Wazanzibari walikuwa wamedai kuyasimamia mafuta yao wenyewe, na sheria ya Muungano ya mwaka 2015 ndiyo iliyofungua mlango. Mkataba wa kwanza wa mgawanyo wa uzalishaji ukatiwa saini Oktoba 2018. Hapa hatuzungumzii kama sheria ile ni nzuri au mbaya. Tunachosema ni kwamba katika Baraza ambalo upinzani haukuwamo, Chama kilikuwa na wajibu wa kuuliza maswali ya pande zote mbili na kuyajibu hadharani. Mvuvi anayeona meli ya utafiti ikipita kwenye maji anayotega anataka kujua nani amemruhusu, kwa muda gani, na nyavu zikikatika alalamike wapi. Majibu hayo hayapatikani katika sentensi moja isemayo kwamba mswada umepita kwa kauli moja.

Jambo jengine ni lugha. Wawakilishi wetu hujadili kwa Kiswahili, tena kwa Kiswahili fasaha kinachosikilizwa kwa raha. Lakini sheria nyingi zilizotungwa katika miongo iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza, na anayezitafuta katika Gazeti Rasmi hukutana na lugha ambayo sheha wake pia huenda asiweze kumfasiria. Taarifa ya Chama ndiyo inayoweza kuziba pengo hilo kwa gharama ndogo. Ofisa mmoja mwenye elimu ya sheria na kurasa mbili za Kiswahili cha wazi kwa kila mswada vingetosha, na tungependa kuona Kisiwandui wakilifikiria jambo hili kabla ya jengine lolote.

Mfano mwema upo, nao ni pensheni jamii ya wazee. Ilianza kulipwa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mzee aliyefikia miaka 70, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ikatungwa sheria ya mambo ya wazee. Hakuna fungu la bajeti linaloeleweka zaidi vijijini kuliko hili. Watu wanajua umri, wanajua kiasi, wanajua siku ya malipo, na mzee akikosa jina lake huenda mwenyewe kwa sheha kudai. Wazee wengi walizaliwa bila ya cheti, na mabishano juu ya umri yamekuwa mengi, lakini yamekuwa mabishano ya watu wanaoijua haki yao. Kinachotofautisha fungu hili na mengine ni kuwa lilielezwa kwa tarakimu na kwa masharti. Kwa nini dawa za vituo vya afya, au madawati ya skuli, yasielezwe vivyo hivyo, wilaya kwa wilaya?

Watendaji wa Serikali nao wasidhani hili haliwahusu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa Barazani, na kamati ya hesabu huwahoji. Taarifa ya Chama ikizinyamazia ripoti hizo kwa kuona haya, mwanachama huzipata kwa njia ya uvumi, na uvumi haupungui chumvi. Chama kinachoongoza Serikali kina haki ya kuitetea, lakini hakiwezi kuitetea vizuri mbele ya watu wanaojua kwamba kipo kinachofichwa.

Makadirio yanayopitishwa Juni huanza kutumika Julai 1, na muda kati yake ni mfupi. Tungependa kabla ya Julai kwisha kila Mwakilishi awe amekaa na matawi ya jimbo lake, Unguja na Pemba, akiwa na mafungu yanayoligusa jimbo hilo mkononi, aeleze lipi alilitetea na lipi alikubali kulipunguza. Katibu wa tawi aandike maswali yatakayokosa jibu, na Mwakilishi aondoke nayo hadi mkutano unaofuata.