TUSIPUNJE MIZANI: SISI NA VITABU VYA WAHINDU



Sifa zote njema anastahiki Allah Subhaanahu wa Ta'ala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wazazi na walezi wa Nakivale na Mbarara, leo tunaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tumelizungumza mara nyingi kibarazani baada ya Isha, na tumeona tukiendelea kunyamaza tutakuwa tumewadhulumu watoto wetu. Jambo lenyewe ni hizi video na mihadhara inayozunguka katika simu zetu, ambamo mhadhiri anafungua Veda, Purana na Bhagavad Gita, anasoma mstari mmoja mmoja kwa kasi, kisha anatangaza kwamba Wahindu wamekwisha, vitabu vyao wenyewe vinawahukumu, na aliyebaki ni wa kusilimu tu.

Watoto wetu wanazihifadhi video hizo kuliko wanavyohifadhi Juzuu Amma. Sisi tunasema: katika nyingi ya hizo mna upunjaji wa mizani, na Allah ameteremsha sura nzima yenye jina la wapunjaji.

YALIYOTOKEA DUKANI

Kijana wetu mmoja wa hapa kambini alikwenda Mbarara kumnunulia mama yake bidhaa za jumla. Duka lenyewe ni la mzee wa Kihindi ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiwakopesha wanawake wetu sukari na mafuta ya kupikia, bila karatasi, kwa kuaminiana tu. Kijana akaona picha za miungu yao ukutani, akatoa simu, akamwambia: "Mzee, kitabu chenu Bhavishya Purana kimemtabiri Mtume wetu kwa jina. Kwa nini hamumfuati?"

Yule mzee hakukasirika. Alimuuliza: "Kitabu chenyewe umekisoma, mwanangu?" Kijana akasema hapana, ameona kwenye video. Mzee akamwambia: "Basi mwambie aliyekufundisha akusomee na mistari inayofuata. Mimi sitakusomea, maana haimsemi vizuri Mtume wako, na sipendi kukuudhi." Akampimia sukari, akamrudishia chenji, wakaagana.

Kijana alirudi kimya. Alipotusimulia, baadhi yetu tuliona aibu kuliko yeye. Mtu tuliyetaka kumuaibisha ndiye aliyelinda heshima ya Mtume wetu mbele ya mtoto wetu.

Na yule mzee alisema kweli. Kifungu hicho kimo katika sehemu ya Bhavishya Purana iitwayo Pratisarga Parva, na kinamtaja mtu aitwaye Mahamada. Wahadhiri wetu hukomea kwenye jina. Hawasemi kwamba kifungu hicho hicho kinamwita mtu huyo pepo aliyezaliwa upya, maneno ambayo Muislamu yeyote akiyasikia nywele zitamsimama. Tena hawasemi kwamba wanazuoni wengi wa vitabu hivyo, Wahindu na wasio Wahindu, wanaiona sehemu hiyo kuwa ni nyongeza ya zama za karibuni, kwani ndani yake mna habari za watawala wa Kiislamu wa Bara Hindi na hata za utawala wa Waingereza. Kitu kilichoandikwa baada ya Mtume (S.A.W.) kuishi na kufariki hakiwi utabiri. Ni habari iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kusikia jina lake, na pengine aliyemchukia.

Sasa tujiulize, je, Mtume wetu ana haja ya ushahidi wa namna hii?

VITABU VYAO VINAFASIRIWA VIPI

Wengi wetu tunadhani Wahindu wana kitabu kimoja chenye maana moja. Sivyo. Wana Veda nne, wana Upanishad, wana Purana kubwa 18, na wana tenzi ndefu za Ramayana na Mahabharata. Gita, yenye sura 18 na beti 700, imo ndani ya Mahabharata. Lugha yake ni Kisanskriti, ambayo Wahindu wengi hawaisemi, kama ambavyo wengi wetu tunasoma Qur'ani bila kujua Kiarabu. Kwa hiyo nao wanategemea wafasiri, na wafasiri wao wanapingana.

Chukueni Gita. Shankara aliifasiri kwamba nafsi ya mtu na Ukweli wa juu kabisa ni kitu kimoja. Ramanuja akampinga, akatilia mkazo mapenzi na ibada kwa Mola. Madhva akawapinga wote wawili akasema Mungu na nafsi ni vitu mbalimbali kabisa. Mwaka 1915 Tilak alitoa kitabu akisema mafunzo yake makubwa ni kutenda, akitazama mapambano dhidi ya Waingereza. Gandhi akasema vita vinavyosimuliwa mle ni vita vya moyoni. Na yule aliyempiga Gandhi risasi tarehe 30 Januari 1948, Nathuram Godse, naye alikuwa akiitegemea Gita hiyo hiyo.

Kitabu kimoja, na wote hao wanadai ni chao. Sasa kijana wa miaka 16 mwenye video ya dakika tatu atasemaje "Gita inasema"?

Au chukueni mstari wa Yajurveda sura ya 32, wa tatu, ambao wahadhiri wanaupenda sana. Wanasema unakataza masanamu. Mzozo mzima umekaa juu ya neno moja, pratima. Wapo wanaolifasiri "sanamu", na wapo wanaolifasiri "kifani", yaani Yeye hana wa kufananishwa naye. Huu ni ugomvi wa Wahindu wenyewe. Swami Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875, alipinga ibada ya masanamu na mstari huo ulikuwa katika hoja zake. Wahindu wengine hawakumkubali. Arya Samaj ilifika mpaka Nairobi mwaka 1903, na hadi leo Afrika Mashariki wapo Wahindu wasioweka masanamu na wapo wanaoyaweka. Mhadhiri wetu huchukua upande mmoja wa ugomvi wa watu, akauleta kana kwamba ndio kauli ya wote.

MKUKI KWA NGURUWE

Hapa ndipo tunataka kila mzazi asimame kidogo. Huyo huyo Dayananda aliandika kitabu kiitwacho Satyarth Prakash, na sura yake ya 14 yote ni mashambulizi juu ya Qur'ani. Hakujua Kiarabu. Alitegemea tafsiri ya Kiurdu iliyogeuzwa tena kwa ajili yake, akachukua aya mojamoja, akazihukumu. Waislamu wa Bara Hindi waliumia, na Maulana Sanaullah Amritsari akaandika kitabu kizima kumjibu. Lawama juu ya Dayananda ilikuwa kwamba amehukumu asichokijua, kwa tafsiri ya tafsiri, kwa kukata maneno.

Ilikuwa lawama ya haki kabisa. Sasa tuiweke mizani ile ile mezani, upande wa pili tuwaweke wahadhiri wetu. Hawajui Kisanskriti. Wanasoma tafsiri ya Kiingereza, wanaigeuza kwa Kiswahili papo hapo, wanakata maneno. Tofauti yao na Dayananda iko wapi?

Na sisi watu wa Kiswahili tuna uchungu wetu wenyewe. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili kuchapishwa, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa jicho la mmisionari. Mwaka 1953 ikatoka ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya. Masheikh wetu walikataa mengi ndani yake, likiwemo neno mutawaffika katika Suratu Aal Imran aya ya 55, ambalo Ahmadiyya wanalitumia kusema Nabii Issa (A.S.) amekwisha kufa, na wanavyuoni wetu wengi wanalifahamu kuwa ni kuchukuliwa. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy akatoa yake mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akatoa yake mwaka 1995. Kwa nini walisumbuka miaka yote hiyo? Kwa sababu walijua neno moja likipotoshwa, imani ya watu inapotoshwa. Basi tunaojua uchungu huo, tunawapimiaje wenzetu kwa kibaba kilichotobolewa?

TUNAOISHI NAKIVALE TUNALIJUA HILI

Jirani zetu wengi hapa wametoka Kongo. Wapo waliokimbia Beni na vijiji vyake, ambako ADF wameua watu kwa miaka mingi wakijiita Waislamu. Na Juni 2023, hapa hapa Uganda, waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Ndugu zetu Wasomali nao wanawajua waliokuwa wakisoma aya mkono mmoja na kushika bunduki mkono wa pili.

Jirani Mkristo anapotuuliza, "Hicho ndicho kitabu chenu?", sisi tunamjibuje? Tunamwambia: usikate aya. Soma kabla yake na baada yake. Uliza imeshuka kwa sababu gani. Waulize wenye elimu. Tunamwambia kwamba anayesema Allah amewakaripia wenye kusali, akaishia hapo katika Suratul Maa'un bila kusoma aya inayofuata, amemzulia Allah uongo.

Tunamuomba jirani atupe haki hiyo, na roho za watu zinategemea. Mwaka 1979, baada ya Idi Amin kuanguka, Waislamu wa huku Ankole waliuawa katika sehemu za Bushenyi kwa kulipiziwa ya Amin, watu ambao hawakuwa na hatia. Na mwaka 1972 Wahindi walipewa siku 90 waondoke Uganda, mwema na mbaya, Mhindu, Muislamu na Kalasinga, wakaacha maduka na nyumba. Nchi hii imeonja mara mbili nini hutokea kundi zima likihukumiwa kwa neno moja. Mkimbizi ndiye wa mwisho duniani kuusahau msiba huo.

HOJA ZA WANAOTUPINGA

Watasema: "Mnataka kutuambia dini zote ni sawa." Hatusemi hivyo, na hatutasema. Tawhid ni Tawhid, na kumshirikisha Allah ni dhulma kubwa. Lakini Tawhid imesimama kwa miguu yake yenyewe, haihitaji kuegemea kwenye Purana iliyochezewa.

Watasema: "Hii ni daawa, na watu wamesilimu." Aliyesilimu kwa hoja mbovu, siku atakapoigundua atailaumu dini na si mhadhiri. Suratun Nahl aya ya 125 imetuamrisha hekima na mawaidha mema na kujadili kwa njia iliyo bora. Suratul An'aam aya ya 108 imetukataza hata kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Allah, wasije nao wakamtukana Allah kwa kutojua. Suratul Maidah aya ya 8 imetukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Aya hizi zimeteremshwa kwetu, si kwa Wahindu.

Watasema: "Wasomi wetu wa zamani hawakujali hayo." Kinyume chake! Al-Biruni, karibu miaka elfu iliyopita, alijifunza Kisanskriti ukubwani, akakaa na wanazuoni wao, akafasiri vitabu vyao kwa Kiarabu, akaandika kitabu kikubwa juu ya India. Humo alieleza kwamba kazi yake si ya mabishano, bali ni kueleza wanachosema wenyewe, na pale alipowakosoa aliwakosoa akiwa anawajua. Huyo alikuwa Muislamu, tena wa zama ambazo Sultani wake Mahmud wa Ghazni alikuwa akipigana nao. Aliyekuwa na upanga upande wake alitumia kalamu kwa uadilifu. Sisi tusio na upanga wala kalamu tunatumia mkasi.

TUFANYE NINI MAJUMBANI

1. Mtoto akileta video ya namna hii, usiifute kwa hasira. Muulize maswali matatu: Nani amefasiri? Mistari ya kabla na baada inasemaje? Wenyewe wanaifahamu vipi? Suratul Israa aya ya 36 inatutosha kuwa dalili, kwani imetukataza kufuata tusichokuwa na ujuzi nacho.

2. Walimu wa madrasa wasimruhusu mtoto kubishana juu ya kitabu cha wengine kabla hajaijua tafsiri ya sura fupi anazosalia.

3. Mhadhiri akialikwa msikitini, aambiwe mapema: ukitaja kitabu cha watu, taja mfasiri, na usome kifungu kizima. Akikataa, tumpe chai, tumshukuru, apande gari arudi.

4. Ukiwa na jirani au mwenye duka Mhindu, muulize yeye anaamini nini, kama mtu anavyomuuliza mgeni wake. Kisha na wewe mueleze unachoamini. Hiyo ndiyo daawa.

Yule kijana wetu alirudi dukani wiki iliyofuata na akamuomba mzee radhi. Hakutumwa na mtu. Mzee akamwambia hakuna neno, akampimia sukari kama kawaida, na sindano ya mizani ikasimama katikati. Tunamuomba Allah atupe midomo yenye mizani kama ile, atulindie watoto wetu, na atujaalie tuwe mashahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.