Walioitakasa Chumvi Walipima Nini?

Mwaka 2013 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikubaliana kupunguza ulaji wa chumvi kwa asilimia 30 ifikapo 2025. Mwaka huo umefika na umepita. Tangu Machi 2023 shirika lilikuwa limeshatangaza kwamba lengo halitafikiwa kwa mwendo ule: wastani wa dunia ulikuwa gramu 10.8 za chumvi kwa mtu kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa, yaani chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Nchi zilizokuwa na hatua kamili za lazima zilikuwa tisa tu. Saudi Arabia ilikuwamo. Ya Afrika haikuwamo hata moja.

Kushindwa huko kunaudhi. Kinachoudhi zaidi ni kisingizio kinachoenezwa sasa, kwamba lengo lenyewe lilikuwa la uongo, eti sayansi imegeuka, chumvi haina kosa, mkosaji ni sukari peke yake. Kwenye simu zetu zimezagaa video za watu waliovaa makoti meupe wakimshauri mgonjwa wa presha anywe maji ya chumvi asubuhi, tena iwe ile ya rangi ya waridi ya Himalaya. Chumvi hiyo huchimbwa Khewra, nchini Pakistan, na karibu yote ni kloridi ya sodiamu, sawa na ya Uvinza au ya Malindi. Tofauti kubwa ni bei, na kwamba mara nyingi haina madini joto ambayo yetu huwekewa ili kutukinga na rovu. Niseme mapema: ushauri huu ni upotoshaji, na kwa mwenye presha ni hatari.

Tuwape haki yao kidogo. Ni kweli mwili hauishi bila chumvi. Ni kweli kuna watu ambao presha yao hupanda upesi wakila chumvi na wengine haitikisiki sana. Mbeba mizigo bandarini hutoka jasho kuliko karani, na sukari nayo ina mashtaka yake. Hakuna anayebisha, ila hakuna hata moja kati ya hayo linalojibu swali la hizo gramu 10.8.

Hoja yao yenye uzito ni moja tu, utafiti uitwao PURE. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, na wenzao walitoa matokeo ya watu zaidi ya laki moja kutoka nchi 17. Waliokula chumvi nyingi sana walikufa zaidi, sawa. Lakini na waliokula kidogo walionekana kufa zaidi, na waliosalimika walikuwa wa katikati, wanaokula gramu 3 hadi 6 za sodiamu, ambazo ni gramu 7.5 hadi 15 za chumvi. Mchoro wake unashuka kisha unapanda. Mchoro huo ndio unaopeperushwa kila mahali kama hati ya kuachiwa huru.

Sasa tuulize swali ambalo hao wa makoti meupe hawaliulizi: walijuaje nani anakula chumvi kiasi gani?

Kujua ulaji wa chumvi wa mtu ni kazi ya adha. Sehemu kubwa ya sodiamu tunayokula hutoka mwilini kwa mkojo, kwa hiyo mtu hupewa dumu. Asubuhi anamwaga mkojo wa kwanza, anaandika saa, na kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni: la kazini, la safarini, la usiku wa manane, hadi mkojo wa kwanza wa kesho yake. Na siku moja haitoshi, kwa sababu mtu anayekula ng'onda leo na ugali kwa mtindi kesho ni watu wawili tofauti kwa mpimaji. Zinahitajika siku kadhaa, zilizoachana.

PURE haikufanya hivyo. Ilichukua mkojo wa asubuhi mara moja, kikombe kimoja, kisha ikakisia wa siku nzima kwa kanuni ya Kijapani inayoitwa Kawasaki. Ndani ya kanuni hiyo mmewekwa umri wa mtu, jinsia, urefu na uzito wake. Yote hayo yana uhusiano wake na kifo, awe anakula chumvi au hali. Mzee aliyekonda kwa maradhi hupata namba ndogo, naye yuko karibu na kaburi kwa sababu nyingine kabisa. Isitoshe, mgonjwa hula kidogo, chumvi ikiwemo.

Watetezi husema makosa ya mtu mmoja mmoja hufutana watu wakiwa laki moja. Hufutana yakiwa ya kubahatisha. Yakielemea upande mmoja, ukiongeza watu unaongeza uhakika wa jibu baya.

Hili limejaribiwa. Mwaka 2018 watafiti Feng He, Graham MacGregor, Nancy Cook na wenzao walichukua Wamarekani karibu 3,000 waliokuwa wamepimwa mkojo wa saa 24 mara kadhaa, kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Kwa vipimo halisi, mstari ulinyooka: chumvi ikizidi, vifo vinazidi, na hakuna adhabu kwa wanaokula kidogo. Wakawapitisha watu walewale kwenye kanuni ya Kawasaki, na ule mchoro wa kushuka na kupanda ukajitokeza. Kisha wakafanya jambo la kumaliza ubishi. Wakaweka kiwango kilekile cha sodiamu kwa kila mtu, kana kwamba mkojo wao wote ulifanana, na bado kanuni ilionyesha kwamba wenye namba ndogo wanakufa zaidi. Chumvi imeondolewa kwenye hesabu, na hesabu inaendelea kuisifu!

Mtu akishaambiwa hayo, akaendelea kuupeperusha mchoro ule, simhesabu tena kuwa mbishi wa kisayansi. Anauza kitu. Au anatafuta watazamaji.

Na tuachane na makadirio, kuna jaribio. Kwenye vijiji 600 vya kaskazini mwa China, watu karibu 21,000, waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha, walifuatiliwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo yalitoka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, vifo kwa asilimia 12. Potasiamu nayo ilichangia, lakini aliyeipata alikuwa amepunguziwa sodiamu.

Afrika Kusini ilitia saini kanuni zake za chumvi 2013, na tangu 30 Juni 2016 mkate, vitafunwa na soseji vina kikomo cha sodiamu kisheria. Wizara zetu na mashirika ya viwango yaanzie hapo, kwenye mkate, kisha viungo vya mchuzi vya pakiti. Muuza chipsi aiache chupa yake ya kifuniko kilichotobolewa mezani, mteja ajinyunyizie mwenyewe akitaka. Na wewe msomaji mwenye ugonjwa wa figo, chumvi ya potasiamu usiiguse kabla ya kumwuliza daktari wako.