Wacheni Kucheka Gia za Kuzungusha

Wacha niseme mapema, ndio wa kukasirika akasirike mapema: hakuna aibu kuendesha baiskeli ya gia za kuzungusha. Aibu ni kumcheka mwenye nayo.

Hii maneno imezidi kwa mbogi za baiskeli hapa Machakos. Kijana anatokea Jumamosi asubuhi na baiskeli yake ya mlima, ex-UK iliyochaguliwa vizuri, tairi ziko sawa, breki zinashika. Kabla hata asalimie watu, msee ameshaangalia usukani na kuuliza, "Hiyo ni ya mtoto ama?" Kisa na maana? Gia zake anazungusha na kiganja, habonyezi na kidole gumba. Nimeona wawili wakiacha kuja hivyo hivyo. Sio eti Iveti iliwashinda. Sisi ndio tuliwashinda.

Kwa wale hawajui tofauti, iko hivi. Gia za kuzungusha zinafanya kazi kama mafuta ya bodaboda: kipande cha gripu kilicho karibu na breki kinageuka, kinavuta waya, na namba ya gia unaiona hapo juu. Za kubonyeza, zile wengi wanaita triga, ziko na vidude viwili chini ya usukani. Kimoja kinavuta waya, kingine kinauachilia. Huko nyuma kwa gurudumu kazi ni ile ile. Waya ukivutwa, cheni inapanda kwa chuma kikubwa na pedeli inakuwa nyepesi. Ukiachiliwa, springi inairudisha kwa chuma kidogo na pedeli inakuwa nzito. Cheni haijui kama ulizungusha ama ulibonyeza. Mlima pia haujui.

Shida ya ukweli ni kuzoea, na hapa hakuna mtu huambia beginner kitu, wanacheka tu. Sisi tumekulia nyuma ya bodaboda, na wengi wetu tumeshika moja. Kwa pikipiki, mkono wa kulia ukizungusha kuja kwako unapata nguvu. Kwa baiskeli nyingi za kuzungusha, ukifanya hivyo hivyo na mkono wa kulia gia inakuwa nyepesi. Miguu inazunguka kama feni na mwendo unapungua. Halafu mkono wa kushoto ni kinyume: ukizungusha kuja kwako, cheni ya mbele inapanda kwa chuma kikubwa na pedeli inakuwa nzito. Sasa mweke mtu hapo katikati ya kupanda Kituluni, jasho kwa macho, lori nyuma yake, umwambie achague haraka. Lazima achanganyikiwe. Huo sio ujinga. Mkono ulifunzwa kitu kingine kwanza.

Na wanaotoka kwa kuzungusha kwenda triga wanapitia hayo hayo. Mimi nilitoka huko, sai natumia triga, na najua venye gumba hutafuta kidude na kukikosa, ama linabonyeza kile kibaya na unajipata na gia nzito mlima ukianza. Dawa ni moja kwa pande zote mbili. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari, upite gia zote moja moja, kwenda na kurudi, bila kuangalia namba. Badilisha ukiwa bado unazungusha miguu, na uipunguzie pedeli nguvu kidogo cheni inapohama. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili hivi, na mkono utaanza kujua wenyewe. Isipokuwa kama mpango wako ni kuendesha pale Kyamwilu peke yake, penye maji yanaonekana yakipanda mlima. Huko labda huhitaji gia kabisa.

Sasa nije kwa wale wanasema "hizo ni za bei rahisi". SRAM, jina ambalo watu wanabandika kwa fremu kama stika ya chama, ilianzishwa Chicago mwaka wa 1987. Unajua walianza kuuza nini? Gia ya kuzungusha, Grip Shift, mwaka uliofuata. Kampuni ndogo ilikuwa inapambana na Shimano, Wajapani ambao wamekuwa sokoni tangu 1921, na silaha yake ilikuwa hicho kitu mnachocheka. Na haikuishia hapo. Mwaka wa 2012 SRAM ilirudisha Grip Shift kwa seti zake za bei ya juu, XX na X0. Kwa hivyo ukisema kuzungusha ni kwa watoto, hujaongea juu ya gia. Umeongea juu ya mfuko wa mtu.

Hiyo ndio inaniuma. Kwa watu wengi wa rika yetu, baiskeli ndio kitu kikubwa wamewahi kujinunulia. Msee ameweka mia mia hadi akafika. Akichekwa, doh inayofuata inaenda kwa triga ndio anyamazishe watu, wakati pedi za breki zimeisha hadi chuma. Halafu anateremka Mua na hizo breki. Hakuna triga itamsimamisha kwa kona.

Lakini pia sitadanganya kwamba ni sawa kila mahali. Mteremko wa murram yenye mawe, triga inashinda, na sababu iko wazi. Barabara ikiruka unashika usukani kwa nguvu zote. Kama nusu ya gripu inageuka, unaweza kubadilisha gia bila kupenda. Mkono ukiwa na jasho ama matope, kuzungusha kunateleza, hasa mpira ukiwa umezeeka na kuwa laini. Na kufunga breki huku unazungusha kiganja ni ngumu. Kwa triga, kidole kimoja kiko kwa breki, gumba linafanya kazi yake, na vidole vingine havijaacha usukani. Kama kila wikendi unateremka Iveti kwa njia za mawe, badilisha ukipata pesa. Hiyo ni usalama, sio swagga.

Lakini kama unaenda chuo, dukani, ama unazunguka lami hadi People's Park na kurudi, kuzungusha kunakutosha kabisa. Unaweza kupita gia nyingi kwa mzungusho mmoja, jambo linalosaidia mlima ukikutokea ghafla baada ya kona. Vidude havijatokeza nje, kwa hivyo baiskeli ikianguka hakuna kitu rahisi cha kuvunjika hapo. Na namba unaiona.

Kabla utoe pesa, fanya haya. Moja, kama gia imekuwa ngumu kuzungusha, usikubali haraka ukiambiwa imekufa. Mara nyingi ni waya umeshika kutu ama ganda lake limejaa vumbi, na vumbi letu mnalijua. Mwambie fundi abadilishe waya na ganda lake kwanza. Mbili, hesabu vyuma vya nyuma. Ukiwa na saba, tafuta triga ya saba, na uulize kama inaelewana na kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, kwa sababu za SRAM na za Shimano mara nyingi hazivuti waya kiasi sawa. Tatu, breki kwanza. Kila wakati, breki kwanza.

Na kwa wazito wa mbogi: Jumamosi ijayo akitokea mtu na gia za kuzungusha, angalia breki zake, mwonyeshe mkono upi unafanya nini, kisha mwambie mnaanza saa ngapi. Tunalia kila siku eti barabara ni za magari na hakuna anayetuheshimu tukiwa na baiskeli. Sasa tukianza kufukuzana wenyewe kwa sababu ya gripu, tutabaki wangapi hapo nje?